Murano, Skandinavia, Whitefriars au Bohemia: ulinganisho kwa anayeanza kukusanya vioo vya mapambo vya miaka ya 1950 na 1960

Weka vyombo vinne vya maua mezani. Vyote ni vizito, vyote vina buluu iliyofunikwa na kioo kiangavu, na hakuna hata kimoja chenye lebo. Cha kwanza kimetoka kisiwa cha Murano karibu na Venisi, cha pili Kosta nchini Sweden, cha tatu Chřibská huko Bohemia, katika iliyokuwa Chekoslovakia, na cha nne kimetengenezwa juzi kwa ajili ya maduka ya zawadi. Muuzaji ataviita vyote Murano, kwa sababu jina hilo ndilo linalouza haraka. Bei zake za haki zinapishana mno, na kinachozipishanisha zaidi ya uzuri ni ushahidi ambao chombo chenyewe kimeubeba. Kwa hiyo hapa kila ukoo unapimwa kwa maswali mawili: utajuaje kwamba ni chenyewe, na siku ukitaka kukiuza, mnunuzi atakuamini kwa lipi?

Anzia kitakoni

Umbo na rangi huigwa kwa urahisi. Kitako kinaigwa kwa shida. Pindua chombo, washa taa upande mmoja ili mwanga upite kwa mshazari, kisha angalia kwa lenzi ya kukuza mara 10.

Chombo kilichokaa rafuni miaka 60 huwa na mikwaruzo pale tu kinapogusa meza. Kama kitako kimebonyea katikati, mikwaruzo itakuwa kwenye pete ya nje na katikati patabaki laini. Mikwaruzo ya kweli inaelekea kila upande, mingine mirefu na mingine nukta tu, na kina chake hakilingani. Kitako kilichozeeshwa kwa msasa kina mistari inayokwenda sambamba, yenye kina kimoja, na mara nyingi imeingia hadi kwenye ule mbonyeo usiogusa kitu. Ukiona hivyo, rudisha chombo mezani. Kinyume chake hakithibitishi ufeki: chombo kilichokaa kabatini tangu siku kinunuliwe kinaweza kuwa na kitako safi kabisa.

Kisha tafuta kovu la pontili, yaani fimbo ya chuma ambayo fundi hukishikizia chombo kitakoni ili amalizie mdomo. Fimbo ikivunjwa huacha kovu. Viwanda vingine viliacha kovu likiwa na makali, vingine vikalisaga hadi likawa duara laini lililobonyea, vingine vikasaga kitako chote kikawa bapa. Kovu linakwambia kazi ya mkono imefanyika, halikwambii ni lini wala wapi. Wauzaji wengi huandika “lina kovu la pontili, kwa hiyo ni la kale”. Huo ni upotoshaji, maana mafundi wa leo wanatumia fimbo ileile.

Mwisho kabisa, pitisha ukucha ubavuni kutafuta mshono wa kalibu. Mshono mwembamba ubavuni huku ndani kukifuata umbo la nje kwa ulegevu ni dalili ya kioo kilichopulizwa ndani ya kalibu. Kama ndani ni laini kabisa, hakufuati michoro ya nje hata kidogo, na ukuta ni mnene, kioo kilishindiliwa kwa mashine. Tofauti hii itakufaa sana tukifika Bohemia.

Murano na Sweden: ndugu wanaofanana sura

Hapa ndipo makosa ya gharama kubwa hufanyika, kwa hiyo tukae kidogo.

Murano ni jina la kisiwa. Kuna viwanda vingi, vikubwa na vidogo, mafundi walihama kutoka tanuri moja hadi jingine wakiwa na ujuzi wao, na umbo lililouzika kwa mmoja liliigwa na jirani ndani ya muda mfupi. Mfano ulio wazi ni fazzoletto, chombo chenye umbo la leso iliyoning’inizwa kwa pembe zake, kilichobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1940 na Fulvio Bianconi pamoja na Paolo Venini, mwenye kiwanda cha Venini. Matanuri mengi kisiwani yalitengeneza leso zao, na nje ya kisiwa zikatengenezwa nyingine nyingi. Leso ya Venini ina bei yake. Leso isiyojulikana ya nani ina bei ya pambo zuri, basi.

Mambo ni yale yale kwa sommerso, mbinu ya kuchovya kioo cha rangi moja ndani ya kioo cha rangi nyingine hadi matabaka mawili, matatu au zaidi yaonekane yamezamishana. Flavio Poli aliipandisha mbinu hii daraja akiwa kiwanda cha Seguso Vetri d’Arte, na mwaka 1954 akapata tuzo ya Compasso d’Oro. Vyombo vya Poli ni vya umbo tulivu, na mipaka ya rangi ni safi kama imekatwa kwa kisu. Lakini jina lake hubandikwa kwenye kila sommerso yenye rangi mbili. Bila lebo ya kiwanda au picha ya katalogi yenye umbo lilelile, andika “Murano, haijulikani kiwanda”, na ulipe bei ya kutojulikana.

Venini wenyewe walitumia muhuri wa asidi: maneno venini, murano na ITALIA yamepangwa mistari mitatu, madogo sana, katika kipindi cha kuanzia katikati ya miaka ya 1940 hadi katikati ya miaka ya 1960. Baadaye jina liliandikwa kwa sindano ya almasi. Muhuri wa asidi hauna kina. Pumulia kitako ili kiwe na ukungu, kisha ukitazame mvuke unapoondoka. Kwa macho ya haraka huuoni kabisa.

Sasa upande wa Sweden. Kosta, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1742, kilikuwa na Vicke Lindstrand kuanzia 1950 hadi 1973, na vyombo vyake vingi vimeandikwa kitakoni Kosta, herufi LH na namba ya modeli. Orrefors waliandika jina la kiwanda, jina au herufi za msanii, na namba. Kwenye kazi za Graal, mbinu waliyoianza mwaka 1916, na Ariel, utakuta jina la mbinu limeandikwa pia. Flygsfors, kiwanda kingine cha Sweden, ndiyo mfano ninaoupenda zaidi kwa kulinganisha: mfululizo wa Coquille uliobuniwa na Paul Kedelv kuanzia mwaka 1952 una mabawa yaliyovutwa na rangi zilizofunikwa, kiasi kwamba wauzaji wengi huuita Murano bila kuupindua. Ukiupindua unakuta Flygsfors, Coquille, na mara nyingi tarakimu mbili za mwaka. Muuzaji aliyekosea hivyo amekupa kitu chenye cheti kwa bei ya kitu kisicho na cheti.

Pasipo na maandishi, kuna kipimo kimoja kinachosaidia kutenganisha hawa ndugu wawili: uzito ukilinganishwa na ujazo. Kioo cha Murano ni cha soda, yaani kisicho na madini ya risasi, na uzito wake ni takriban gramu 2.5 kwa kila sentimita ya ujazo. Kristali ya Kosta na Orrefors ina madini ya risasi, na hufika karibu 3. Fanya hivi:

1. Pima chombo kikiwa kikavu. Tuseme ni gramu 1,240.
2. Weka ndoo ya maji juu ya mizani, kisha rudisha mizani kwenye sifuri.
3. Tia chombo kwenye mfuko wa wavu, kizamishe chote kikiwa kinaning’inia, kisiguse chini wala ubavu wa ndoo. Kiinamishe kwanza ili hewa yote itoke ndani.
4. Soma mizani. Namba hiyo ndiyo uzito wa maji yaliyosukumwa.
5. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo.

Mizani ikisoma 496, jibu ni 2.5: si kristali ya risasi. Ikisoma 413, jibu ni 3.0: Murano iondoe kwenye orodha. Viputo vingi vya mapambo ndani ya kioo hushusha jibu kidogo. Na kumbuka kipimo hiki hakitenganishi Murano na vioo vipya vya zawadi, kwani navyo kwa kawaida ni vya soda.

Kuhusu lebo: kibandiko cha karatasi au foili chenye maneno ya jumla ya “Murano, Made in Italy” hakina uzito, kwa kuwa hununuliwa kwa wingi na kubandikwa popote. Alama rasmi ya Vetro Artistico Murano ilianzishwa mwaka 1994, kwa hiyo ukiiona kwenye chombo kinachodaiwa kuwa cha 1955, dai limekufa papo hapo. Usisahau pia Empoli, mji wa Toscana: chupa zake ndefu zenye vizibo virefu na vyombo vyake vya kijani au vyenye tabaka la ndani jeupe huuzwa kila siku kwa jina la Murano, ingawa ni shule nyingine kabisa.

Denmark na Ufini: maandishi yanayosomeka

Kwa anayeanza, hawa ndio rahisi kuliko wote. Holmegaard ya Denmark ilikuwa na Per Lütken tangu 1942, na kazi zake za miaka ya 1950 mara nyingi zimechorwa jina la kiwanda na herufi PL zikiwa katikati ya mwaka, kama 19PL58. Yaani umri umeandikwa. Rangi ni za upole, kijivu cha moshi na buluu ya maji, na midomo imelegea kama petali. Kazi zake za baadaye, mfano Carnaby ya 1968, ni jambo tofauti: rangi kali, ndani pana tabaka jeupe, nyingi bila sahihi, na zinachanganywa na vioo vya Sweden na Empoli. Hapo pima urefu na ulinganishe na katalogi.

Ufini kuna Iittala, Nuutajärvi na Riihimäen Lasi. Tapio Wirkkala na Timo Sarpaneva waliandika majina yao kitakoni kwa sindano, na kazi kama Kantarelli ya Wirkkala ina wanunuzi kila mahali. Riihimäen Lasi, kwa upande wake, walipuliza kwenye kalibu vyombo vyenye pete na mabega, vya Tamara Aladin, Nanny Still na Helena Tynell. Vilitengenezwa kwa wingi, kwa hiyo bei ni nafuu, na umbo lake halifichiki. Tahadhari moja kubwa ni ya modeli zinazoendelea kutengenezwa. Chombo cha Savoy cha Alvar Aalto kilibuniwa mwaka 1936 na bado kinatoka kiwandani. Sahihi yake ni ya kweli, umri ndio unaobaki kuthibitishwa, na bei ya kipya haina uhusiano na bei ya kile cha awali.

Sahihi nazo hughushiwa. Angalia kwa lenzi mahali ambapo mikwaruzo ya kitako inakutana na herufi. Kama mikwaruzo inapita juu ya herufi na kuzikata, sahihi ilikuwepo kabla ya uchakavu. Kama herufi ndizo zinazokata mikwaruzo, mtu ameandika jina baada ya chombo kuzeeka. Mashine ndogo ya kuchorea huacha mstari unaorukaruka wenye nukta, wakati sindano ya almasi huacha mstari mmoja mwembamba.

Whitefriars: hakuna sahihi, na bado inathibitika

Whitefriars ya Uingereza, iliyofungwa mwaka 1980, haikuwa na kawaida ya kutia sahihi. Ilibandika lebo, na lebo zilioshwa. Hata hivyo ni miongoni mwa vioo vinavyotambulika vizuri kuliko vyote, kwa sababu katalogi zake zimehifadhiwa na kila umbo lina namba. Geoffrey Baxter alijiunga mwaka 1954, na mwaka 1967 mfululizo wake wenye ngozi ya magome, misumari na matofali ukatoka katika rangi tatu: Cinnamon ya kahawia, Indigo, na Willow iliyo ya kijivu. Mwaka 1969 zikaongezwa nyingine, zikiwemo Tangerine ya rangi ya chungwa na Kingfisher ya buluu.

Utambuzi hapa ni kazi ya rula. Mitungi ya ngozi ya gome ina saizi tatu, takriban sentimita 15, 19 na 23. Drunken Bricklayer, ile yenye matofali matatu yaliyopishana, ina mbili: takriban 21 na 33, na ile kubwa huuzwa kwa mara kadhaa ya ndogo. Banjo ina takriban 32. Hizi mbili, Banjo na Bricklayer, zimeghushiwa, na kosa la feki linaeleweka: kalibu inayochukuliwa kutoka kwenye chombo kilichokamilika hupoteza ncha. Pete na mistari inakuwa kama imelainishwa kwa sabuni, kimo hakilingani na katalogi, na rangi haipo kwenye orodha ya mwaka wowote. Pitisha kidole: ngozi halisi ina kingo unazozihisi.

Rangi hubadilisha bei kuliko saizi kwenye maumbo ya kawaida, kwa hiyo usitumie bei ya Tangerine kukadiria Willow. Ni rangi mbili, ni masoko mawili.

Bohemia: thamani iliyojificha kwenye kalibu

Viwanda vya Chekoslovakia vilitaifishwa baada ya vita, na kazi iliuzwa nje kwa lebo za jumla bila jina la msanii. Upande wa kupuliza kuna Chřibská, kazi za Josef Hospodka zenye midomo iliyovutwa ambazo huuzwa kama Murano, na Škrdlovice ya Beránek, vioo vinene vyenye viputo. Upande wa kushindilia kuna viwanda vilivyokusanywa mwaka 1965 chini ya Sklo Union, na wabunifu kama Rudolf Jurnikl, František Vízner, Adolf Matura na Vladislav Urban.

Kioo cha kushindiliwa kinadharauliwa kwa sababu ni cha mashine. Mimi nakitetea. Kalibu haidanganyi: kila nakala ina vipimo vilevile na michoro ileile hadi ya mwisho, kwa hiyo ukishapata umbo kwenye katalogi, utambulisho umekwisha, hakuna mabishano ya “huenda ni Poli”. Na kwa kuwa wauzaji wengi hawavijui, bado vinapatikana kwa bei ya chombo cha jikoni. Kasoro yake ni kwamba baadhi ya kalibu zilitumika miaka mingi, hivyo nakala ya mapema na ya baadaye ni vigumu kuzipambanua.

Blenko ya Milton, West Virginia, nchini Marekani ingestahili nafasi yake. Kwa ufupi: rangi moja iliyokolea, maumbo makubwa ya chupa za sakafuni, na sahihi iliyopigwa kwa mchanga katika miaka michache tu, takriban 1959 hadi 1961. Wayne Husted ndiye mbunifu wa miaka hiyo. Nyingine zote hutambuliwa kwa katalogi.

Taa ya UV inasema nini

Taa kama ile ya kukagulia noti inafaa, lakini si kwa umri. Uraniamu hung’aa kijani kikali, manganisi hung’aa kijani hafifu chini ya taa ya nanomita 365, kadimiamu huleta chungwa au manjano. Vioo vyenye uraniamu bado vinatengenezwa, kwa hiyo mng’ao si tarehe. Kazi bora ya taa hii ni kufichua matengenezo: gundi na utomvu uliojazwa kwenye mmeguko hung’aa tofauti na kioo kinachouzunguka.

Hali ya chombo

Mmeguko mdogo mdomoni hushusha bei zaidi kuliko mmeguko mkubwa kitakoni, maana wa mdomoni unaonekana kila siku. Mdomo uliosagwa ili kuficha mmeguko ni mbaya zaidi: kimo kimepungua, ukingo umekuwa bapa na mkali kidogo badala ya mviringo uliolainishwa kwa moto. Ndiyo maana rula ni ya lazima. Ufa hautengenezeki. Gonga taratibu kwa kucha, sauti fupi iliyokufa ni onyo, ingawa vyombo vinene sana havilii hata vikiwa vizima.

Ukungu mweupe ndani una sababu mbili tofauti. Chokaa ya maji hutoka: loweka usiku kucha kwa siki, au gramu 20 za asidi ya sitriki kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu. Ukungu wa pili ni kioo chenyewe kuliwa, pale maji yaliyokaa muda mrefu yalipofyonza alkali kutoka kwenye uso wake. Huo hauoshwi. Muuzaji hupaka mafuta na ukungu unatoweka mpaka mafuta yakauke. Osha ndani kwa sabuni, kausha kabisa, kisha tazama: ukungu unaopotea ukilowa na kurudi ukikauka, baada ya kulowekwa siki, ni wa kuliwa.

Kwa sommerso nene, angalia pia msongo. Simamisha chombo mbele ya skrini nyeupe ya kompyuta pakato na ukitazame kupitia miwani ya jua yenye polaroidi, ukiizungusha hadi skrini iwe nyeusi. Mapande yanayong’aa ndani ya kioo ni msongo uliobaki kwa kupozwa haraka, au kwa matabaka mawili yasiyosinyaa kwa kiasi kimoja. Chombo cha namna hiyo kinaweza kupasuka kwa maji ya moto tu. Usikiweke dirishani kwenye jua.

Kukadiria bei

Bei iliyoandikwa na muuzaji ni matumaini. Tafuta mauzo yaliyokamilika, angalau matano, ya umbo lile, saizi ile na rangi ile, yasizidi miaka miwili. Ukipata 90, 110, 120, 130 na 310, chukua ya katikati, 120. Hiyo 310 huenda ni watu wawili walioshindana siku moja. Angalia kama bei inajumuisha ada ya mnada: nyundo ikigonga 100 na ada ni asilimia 25, mnunuzi amelipa 125, na aliyeuza, baada ya kamisheni ya asilimia 15, amepokea 85. Pengo hilo la 40 ndilo hasara yako ukinunua mnadani leo na kuuza mnadani kesho.

Kama lengo ni kujifunza bila kupoteza pesa, nunua Holmegaard au Flygsfors yenye sahihi na mwaka, halafu uzoee kitako chake mkononi kabla ya kununua kisicho na sahihi. Mwenye bajeti ndogo na subira ya kupekua katalogi atafurahi zaidi na Sklo Union. Anayetaka rangi moja kubwa sebuleni na uhakika wa kuiuza tena, Whitefriars kubwa yenye kimo sahihi. Murano isiyo na jina inunuliwe na anayeipenda kiasi cha kuishi nayo hata isipopanda bei kamwe. Na Murano yenye jina inunuliwe pale tu muhuri, lebo ya kiwanda au picha ya katalogi imeonyeshwa kabla ya malipo.